Buti ya kwanza ya mwendesha pikipiki: aina sita, kuanzia ya kununua hadi ya kuazima tu

Anayeanza kuendesha pikipiki hununua kofia ngumu kwanza, na anafanya sawasawa. Kisha pesa inakwenda kwenye jaketi na glovu, ikiisha anabaki na raba zake za kila siku miguuni. Hapo ndipo ninapoomba tusimame kidogo. Pikipiki nyingi za kujifunzia huzidi kilo 100, na ajali za mwanzo kabisa hazihitaji mwendo kasi: unasimama, unakanyaga mchanga, mguu unateleza, chombo kinakulalia. Kinachobanwa chini yake ni mguu.

Kwa hiyo kabla ya rangi na mtindo, kiatu kijibu maswali matatu. Je, kinafunika kifundo cha mguu na kukikinga pande zote mbili, ndani na nje? Je, soli inakataa kukunjika ikibanwa kutoka upande? Je, kinabaki mguuni ukianguka na kuburutika kwenye lami? La tatu husahauliwa sana, wakati kiatu kilichochomoka hakimkingi mtu yeyote.

Majibu unaweza kuyapata dukani kwa mikono yako. Shika soli katikati, kingo mbili kwa mikono miwili, uikamue kwa nguvu. Ikijikunja, pikipiki itaikunja zaidi, mguu wako ukiwa ndani. Bonyeza kisigino kwa kidole gumba. Kinatakiwa kiwe kigumu. Papasa kifundoni utafute kikingio, kisha papasa na upande wa ndani, maana viatu vingine vina kikingio upande wa nje peke yake. Mwisho vaa, funga vizuri, mwambie mtu akivute kwa kisigino. Kikitoka, kirudishe kwenye rafu.

Halafu tafuta lebo. Viatu vilivyopimwa kwa kiwango cha Ulaya cha EN 13634 huwa na alama ya mtu akiwa juu ya pikipiki, na chini yake namba nne, kila moja ikiwa 1 au 2. Kwa mpangilio ni urefu wa kiatu, uwezo wa kuhimili msuguano, uwezo wa kuhimili kukatwa, na ugumu wa soli dhidi ya kubanwa kwa upande. Moja imefaulu, mbili imefaulu zaidi. Kwa anayeanza, mimi huangalia namba ya nne kabla ya nyingine. Ukiona pia herufi IPA, kikingio cha kifundo kimepimwa. IPS ni cha ugoko. WR ni uwezo wa kuzuia maji. Neno “pikipiki” kwenye boksi, bila lebo hiyo, halithibitishi lolote.

Sasa orodha yangu.

Ya kwanza ni buti fupi ya pikipiki, inayopita kifundo kwa vidole kadhaa, yenye zipu na mkanda wa velkro juu yake. Naiweka mbele ya zote kwa sababu moja: utaivaa. Unaweza kutembea nayo, kushinda nayo kazini, na bado unaihisi gia vizuri. Mwanafunzi anahitaji kujua kidole chake kiko wapi.

Ya pili ni buti ndefu ya safari, inayofika karibu na goti. Kwa kinga inaishinda ile ya kwanza, maana inafunika na ugoko, na nyingi zina utando wa kuzuia maji. Anayesafiri mbali au kupita barabara zenye mvua aanze na hii. Iko ya pili tu kwa sababu wengi huichoka kwenye safari fupi na kuiacha nyumbani, ingawa safari fupi nazo zina ajali.

Ya tatu ni raba za pikipiki, zile zinazofanana na raba za kawaida lakini zina vikingio na lebo. Zinafaa mjini, ila hapa ndipo panapodanganya zaidi. Kamua soli bila huruma. Angalia pia kamba: kitanzi kilichoning'inia hunasa kwenye gia au pedeli, na unapotaka kushusha mguu ili usimame, haushuki. Kamba ziwe na mahali pa kufichwa au mkanda wa kuzibana.

Buti za mashindano ya lami nazipa nafasi ya nne. Kinga yake ni kubwa, lakini kutembea nazo ni shida, na mwanafunzi hushuka na kupanda mara nyingi.

Za tano ni za motokrosi, plastiki ngumu na vifungo vya chuma. Porini hazina mpinzani. Barabarani zinaufanya mguu kuwa mgumu kiasi kwamba mgeni hajui kama gia imeingia.

Ya sita ni buti ya kazi au ya jeshi, na hii ni ya kuazima tu wakati unatafuta yako. Ncha ya chuma ya buti ya kazi yenye kiwango cha EN ISO 20345 huhimili kishindo cha jouli 200, kwa hiyo vidole viko salama kitu kikividondokea. Kifundo hakina kikingio, na ncha nene huenda isipite chini ya gia.

Raba za kawaida, ndala na buti za mpira sizipangi. Mpira ukigusa ekzosi ya moto huyeyuka, na ndala huondoka mguuni kabla hujafika chini.

Kuhusu saizi, nenda jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo, ukiwa na soksi utakazoendeshea. Usikubali kupima ukiwa umesimama tu. Omba kukalia pikipiki, pitisha mguu wa kushoto chini ya gia, nyanyua, kanyaga, nyanyua tena, kisha shusha miguu yote miwili chini. Ukiwa mfupi, soli nene kidogo itakusaidia kuifikia ardhi. Na ukinunua mtumba, kunja soli mbele ya muuzaji: ikionyesha nyufa au ikianza kubanduka, gundi imezeeka, hata kama ngozi ya juu inang'aa.