Vitabu vya inama, Tom Mboya: kamusi yangu ya shilingi 350

Mimi ni fundi wa mabomba, na sikuwa na mpango wa kununua kamusi. Ila binti yangu yuko sekondari, na ile ndogo tuliyomnunulia dukani inatoa maana basi, haisemi neno limetoka wapi, naye ni mtu wa kuuliza. Jumamosi nikipita barabara ya Tom Mboya, Nairobi, nikainama kwa kijana mmoja aliyetandaza vitabu juu ya gunia, karibu na steji.

Niliyoichukua ni ya Kiingereza kwa Kiingereza, nene kama tofali. Jalada limeng'oka pamoja na ukurasa wa jina, kwa hiyo siwezi kuwaambia ni ya nani wala ya mwaka gani. Alianzia 500. "Mzee, hii hupati kwingine." Tukaelewana 350. Herufi ni ndogo mno, bila miwani usijaribu. Lakini mwisho wa kila neno kuna mabano ya mraba, na humo ndimo mna asili yake. Pesa yangu yote naihesabu imekwenda kwenye mabano hayo.

Usiku binti akaniambia, "Baba, chagua neno." Nikasema stop, kwa ajili ya stopkoki ninayoifunga kila siku kabla sijagusa bomba la mtu. Nilidhani neno hilo tangu hapo ni kusimama. Kumbe ni kuziba! Waingereza wa kale walilitumia kwa kuziba masikio. Nyuma yake kuna neno la Kilatini, stuppa, lililotoka kwa Wagiriki: zile nyuzi ngumu za kitani zinazobaki kikishachanuliwa. Ulikuwa unazishindilia kwenye tundu, kinachovuja kinakatika. Ilipofika karne ya 15 ndipo Waingereza wakaanza kulitumia kwa kumzuia hata anayetembea. Mjerumani bado yuko kule kule kwenye kuziba na kushindilia, anasema stopfen. Na kizibo cha chupa kwa Kiingereza ni stopper mpaka leo.

Niliiweka kamusi mezani nikanyamaza. Mimi nikiunga bomba la chuma, nazungusha nyuzi za katani kwenye meno yake, napaka dawa nyeupe, ndipo nakaza. Na marehemu baba yangu alikuwa fundi wa majahazi Matondoni, Lamu. Nikiwa mdogo nilikuwa nasokota pamba na kumpa, aichovye mafuta, aipigilie katikati ya mbao kwa patasi butu, taratibu, kila upenyo, mpaka mlio wa nyundo ubadilike. Kalafati ile. Ukiteleza mahali pamoja tu, chombo kinaingiza maji baharini. Nimeyasema maneno yote mawili maisha yangu yote, kalafati na stopkoki, bila kujua kwamba yanafanya kazi moja. Binti alinitaka nimweleze kalafati mpaka saa tano usiku. Alikuwa hajawahi kuniuliza habari za babu yake.

Sasa kasoro. Siku ya pili tuligundua kurasa za mwisho hazipo, inakatika katikati ya W. Nilirudi nimekasirika kidogo. Kijana hakubisha: aliifungua mwenyewe, akaona, akanirudishia 100. Maduka yenye risiti na viyoyozi hayajawahi kunitendea hivyo.

Mkienda, nendeni asubuhi kabla watu hawajajaa, na mfungue kitabu mpaka ukurasa wa mwisho kabla ya kutoa pesa. Kanjo, yaani askari wa jiji, wakitokea, msimkimbilie kijana na maswali ya bei. Mwacheni akunje gunia lake, atarudi. Riwaya anazo nyingi, za shule pia, ila sikuzikagua.

Nimemwachia nambari yangu. Akipata nyingine ya aina hii yenye W hadi Z, anipigie, nitachukua hata kwa 500 aliyoitaka mwanzo.