Stendi ya jiliwa na grenda: ipi ununue Mwanza, kuanzia iliyo bora

Kabla ya kuuliza bei ya stendi ya kufungia jiliwa (kibano cha kushikilia chuma) au grenda ya mezani (mashine ya jiwe la kunolea), jiulize kama chumba ni chako. Fundi mwenye karakana yake Buhongwa na fundi aliyepanga fremu Mabatini hawawezi kununua stendi ya aina moja. Wa kwanza anatoboa sakafu apendavyo. Wa pili mwenye nyumba hamruhusu, na kodi ikipanda atahama na vitu vyake vyote.

Kwa mwenye chumba chake, namba moja haina mpinzani: bomba nene lililofungwa kwenye zege. Agiza bomba la inchi 4, pleti ya milimita 10 juu na nyingine chini, na vipande vinne vya pembetatu vichomelewe pale bomba linapokutana na pleti ya chini. Fundi akikushawishi uchukue la inchi 2 kwa sababu ni rahisi, kataa. Kwa unene uleule wa ukuta, la inchi 4 lina chuma takriban mara 2 tu, lakini ugumu wake wa kupinda ni karibu mara 8. Chuma chakavu kinatosha kabisa, nacho huuzwa kwa kilo. Ukishakipata, peleka kwa wachomeleaji wa Nyakato. Sakafu mpya usiitoboe kabla ya siku 7, na ukiweza ngoja 28. Mashimo yakae mbali na ukingo, la sivyo zege litapasuka. Wenye karakana kwenye miamba ya Igogo, kama jiwe lenyewe limechomoza sakafuni, fungeni bolti humo humo. Hakuna zege litakaloshinda hilo.

Mpangaji achukue namba mbili, rimu ya lori iliyojazwa zege, bomba likiwa limesimamishwa katikati. Zege la lita 50 lina kilo 120 hivi, na siku ya kuhama unailaza rimu na kuibingirisha hadi kwenye guta. Kwa grenda ni nzuri mno. Kwa jiliwa ina kasoro moja: ukikunja nondo nene kwa nguvu, stendi nzima huzunguka, hivyo itabidi uikanyage kwa mguu.

Tatu ni meza ya mbao, ambayo wengi huidharau bure. Mbao humeza mtetemo ambao chuma huurusha, na ubao ukiuongeza unene mara 2, ugumu wake hupanda mara 8. Gundisha na ufunge kwa bolti mbao mbili za inchi 2, kisha ishikize meza ukutani. Mtiki ni bora. Paini, iwe ya Ukerewe au ya Sao Hill, inafaa mradi imekauka. Ikiwa mbichi itasinyaa na nati zitalegea, kwa hiyo zikaze tena baada ya mwezi.

Meza ya engo (chuma cha pembe) yenye bati juu ndiyo inayopendeza kuliko zote, na mimi naiweka ya nne. Bila chuma cha mshazari kila upande huyumba, na kelele zake zinasikika mtaa wa pili. Kama unayo tayari, weka mishazari, kisha panga mifuko ya mchanga kwenye rafu ya chini. Sakafu yako ikiwa na mabonde, miguu mitatu haichezi kamwe. Minne lazima uwekee kipande cha mbao.

Stendi za dukani za bati jembamba, zile za kufunga kwa skrubu, ni za mwisho. Pita.

Jambo moja stendi yoyote haitalitibu. Kwa umeme wetu wa hezi 50, grenda nyingi za mezani huzunguka karibu mara 3,000 kwa dakika, yaani karibu mitikisiko 50 kila sekunde kama jiwe halina mizani. Zima, chomoa waya, zungusha jiwe kwa mkono: likiyumba, lisawazishe au libadilishe kwanza. Na usifunge jiliwa na grenda kwenye stendi moja, maana vumbi la jiwe hula skrubu ya jiliwa.

Kabla ya kulipa, weka bilauri ya maji juu ya pleti, ugonge kwa nyundo ya mpira. Maji yakitulia upesi, lipa. Urefu usimwachie fundi akadirie: simama wima, kunja mkono, mpimie kutoka sakafuni hadi kwenye kiwiko. Meno ya jiliwa yafike hapo, kwa hiyo apunguze kimo cha jiliwa yenyewe kabla ya kukata bomba.