Lenzi bandia inayosogea ndani ya jicho: tumeipigia hesabu

Watazamaji wangu, karibuni. Leo tunachambua lenzi bandia za jicho, zile anazowekewa mtu baada ya kutolewa mtoto wa jicho. Ila hizi si za kawaida. Zinaahidi kukurudishia uwezo wa kutazama mbali, kisha ukashusha macho na kusoma, bila miwani. Matangazo yake tuyaweke kando. Nimezijengea modeli ya jicho kwenye kompyuta, nikapitisha miale ya mwanga nione inakutana wapi.

Shika namba moja: 2.5. Ukitaka kusoma kitu kilicho sentimita 40 kutoka machoni, jicho lililokuwa limelenga mbali lazima liongeze dayopta 2.5 (dayopta ni kipimo cha nguvu ya lenzi ya kupinda mwanga). Mtoto anaongeza zaidi ya 10 bila kujua. Lenzi yake ni laini; msuli unaoizunguka ukikaza, nyuzi zinazoishikilia zinalegea, nayo inabinuka zaidi. Ukivuka miaka 50, uwezo huo unakuwa umekwisha karibu wote.

Tuanze na Crystalens, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2003. Ni ya silikoni, ina mabawa mawili yenye bawaba, na msuli ukikaza inatakiwa isogee mbele. Tazama hapa kwenye skrini. Konea, ule utando angavu wa mbele ya jicho, nimeipa dayopta 43. Lenzi ni ya 20, iko milimita 5 nyuma ya konea. Sasa naisogeza mbele milimita moja nzima... Umeona? Tumepata 1.3. Ni kama nusu tu ya tunachohitaji! Na milimita moja ndani ya jicho ni mwendo mrefu. Waliopima kwenye macho ya wagonjwa mara nyingi wamekuta lenzi za aina hii zinasogea kidogo kuliko hapo.

Na kuna jambo ambalo natamani kila mgonjwa aelezwe kabla hajasaini fomu ya upasuaji. Mwenye jicho refu, yule ambaye miaka yote haoni mbali, huwekewa lenzi yenye nguvu ndogo. Nikiweka ya dayopta 10 na kuisogeza milimita ileile, faida inashuka hadi 0.6. Mwenye jicho fupi anayewekewa ya 30 anapata 2.1. Bidhaa ni ile ile, ahadi ni ile ile, lakini mmoja anapata zaidi ya mara tatu ya mwenzake. Kwa hiyo muulize daktari: lenzi yangu itakuwa ya dayopta ngapi?

Wabunifu waliliona tatizo hili, wakaja na lenzi pacha. Synchrony, kwa mfano, ina lenzi ya mbele ya dayopta 32 na ya nyuma hasi inayopunguza nguvu iliyozidi. Inayosogea ni ile kali ya mbele, kwa hiyo milimita moja kwenye modeli yangu inatoa 2.3. Hapo kwenye hesabu naipa alama za juu, tena karibu macho yote yanapata faida inayolingana. Nyingine zina mafuta ya silikoni ndani na zinabadili mbinuko badala ya kusafiri. Kwangu hizo ndizo zinazoifuata kwa karibu zaidi kazi ya lenzi tuliyozaliwa nayo.

Lakini kifuko kinachoishikilia lenzi ndani ya jicho, kwenye modeli ni safi na kinanyumbulika daima. Kifuko cha kweli, baada ya upasuaji, hukakamaa na kusinyaa. Kikivuta bawa moja kuliko jingine, lenzi inainama na picha inavutika upande. Nimeiinamisha makusudi hapa: ile nukta ya mwanga imekuwa na mkia.

Halafu mboni, lile tundu jeusi linalopitisha mwanga. Nikiibana hadi milimita 2, hata lenzi isiyosogea kabisa inaanza kumwezesha mtu kusoma karibu, kwa sababu kina cha fokasi, yaani masafa ambayo vitu vinaonekana vizuri, kimeongezeka. Ndiyo maana mgonjwa kusoma herufi ndogo kwenye mwanga mkali hakuthibitishi kwamba lenzi imesogea. Ukiletewa grafu ya matokeo, angalia imepimwaje. Kama ni kwa kusoma chati tu, siihesabu kuwa ushahidi wa lenzi kufanya kazi yake. Nataka kuona kipimo cha chombo kilichosoma nguvu ya jicho lenyewe, likitazama mbali, kisha karibu, mboni ikiwa na ukubwa uleule.