Duranta au Kayaba: Kabla Hujachagua Uzio, Tazama Chini

Kamera ishuke. Shuka zaidi, mpaka kwenye shina kabisa. Haya watazamaji, mnauona huo mwanga? Hiyo ni tochi nimeilaza chini upande wa pili wa uzio, na tunaiona yote, taa na mpini wake. Hii ni duranta. Juu imejaa, imefungana, inang'aa kwa ile rangi ya dhahabu inayowasimamisha wapita njia. Huku chini ni vijiti vitupu. Mbwa anapita hapa bila kuinama.

Sasa tusogee upande huu. Tochi ileile, usawa uleule wa ardhi. Hii ni kayaba. Haya niambieni, mnaona nini? Vidoadoa. Ukitazama kwa makini unapata chembe ya mwanga hapa, chembe pale, basi. Jambo hili ndilo limenifanya nirekodi video hii, kwa sababu maswali ninayopokea kuhusu uzio wa mimea karibu yote yanahusu rangi, na kuhusu chini hakuna anayeuliza.

Karibuni sana. Kama ni mara yako ya kwanza hapa, bonyeza kufuatilia chaneli, halafu tuendelee. Sina haja ya kueleza duranta ni nini, mnaijua, imepandwa kila mahali. Inakua haraka, haipukutishi majani, kipandikizi ukikichomeka kwenye udongo wenye unyevu kinashika mizizi bila usumbufu. Asili yake ni Amerika ya kitropiki, kuanzia Meksiko na visiwa vya Karibi kushuka hadi Amerika Kusini. Nayo kayaba ni mti wa kusini mwa Afrika. Jina la Kiingereza, Kei apple, limetokana na mto Kei ulioko Afrika Kusini. Historia inatosha.

Turudi chini. Kwa nini duranta inavuliwa majani huku miguuni? Sababu ni mwanga. Mmea huu una nguvu nyingi ya kuchipua kwenye ncha. Ukiukata juu, unatoa machipukizi mawili matatu pale ulipokata, na hayo yanatanuka. Baada ya muda juu kunakuwa kupana kuliko chini, kivuli kinaangukia majani ya chini, yanageuka manjano, yanadondoka, na tawi lile la ndani linakufa. Watu wanaongeza mbolea. Mbolea haitasaidia kitu! Jani lisilopata jua halina kazi, na mmea wenyewe unaliacha.

Nataka muone ninavyokata, na hapa naomba msiruke mbele. Nimefunga kamba mbili. Hii ya chini iko karibu na ardhi, hii ya juu iko kimo ninachotaka uzio uishie. Tazameni nafasi yake: chini, kutoka upande hadi upande, nimeacha kama sentimita 60. Juu nimeacha 40. Kwa hiyo ukuta unalala kidogo kuelekea ndani. Naanza chini na mkasi, napandisha kwenda juu, nikifuata mwelekeo wa kamba. Mnaona juu ninavyolazimika kukata kwa kina? Hapo ndipo mikono inasita. Mtu anaona majani mazuri ya dhahabu, anayaonea huruma, anakata ya chini yaliyokwisha kuchoka. Ni kinyume kabisa. Kata juu bila huruma, chini gusa tu.

Na uanze mche ukiwa mfupi, ungali chini ya magoti. Ukisubiri ufike kimo cha mtu ndipo uchukue mkasi, matawi ya chini yatakuwa yameshakufa, na tawi lililokufa halirudi. Kwa duranta iliyofika hali kama hii niliyowaonyesha kwa tochi, dawa ni kuikata karibu na ardhi na kuilea upya. Inavumilia, ina moyo mgumu katika hilo. Lakini utakaa msimu mzima bila uzio.

Jambo jingine kuhusu rangi, kwa sababu nimekuwa mkali na duranta na ina haki yake. Ile dhahabu ni aina iliyochaguliwa, ile ya porini ina majani ya kijani ya kawaida. Dhahabu inakaa kwenye majani machanga yanayopata jua kamili. Ukiipanda chini ya mwembe au nyuma ya ukuta, inarudi kijani. Halafu tazama hapa, karibu na kidole changu: tawi hili limetoka kijani tupu katikati ya dhahabu. Usilipunguze kwa juu tu. Lifuate hadi linapoanzia, likate hapo. Tawi la kijani lina nguvu kuliko ndugu zake, ukiliacha linatawala uzio wote.

Sasa kayaba. Glavu nimevaa, za ngozi, zile za kitambaa hazifai hapa. Nikitenga majani, huu hapa mwiba. Umenyooka, unatoka pale jani linapoungana na tawi, na mirefu hufika hata sentimita 7. Napenda sana jinsi inavyopangika! Huu umeelekea kwangu, huu kushoto, huu juu, na matawi yanapishana ndani kwa ndani. Kwa hiyo hata pale majani yalipopungua chini, nafasi yenyewe imefungwa na miiba. Naingiza fimbo hii taratibu. Imeingia. Naivuta. Haitoki. Imeshikwa pande tatu. Nitumie nguvu... bado. Hebu fikiria ingekuwa mkono au mguu. Duranta nayo ina miiba kwenye baadhi ya matawi, lakini hakuna mtu aliyewahi kusimamishwa na miiba ya duranta.

Watu wa chaneli nyingine husema kayaba ni ya shambani, kwamba haipendezi nyumbani. Sikubali. Majani yake ni ya kijani kilichokolea, yanang'aa, na ikikatwa vizuri inasimama kama ukuta uliopigwa lipu. Haina rangi ya kupigia kelele, hilo kweli. Inavumilia ukame na hata udongo wenye chumvi kiasi. Maua yake hutayaona, ni madogo mno, na mti dume na mti jike ni tofauti, kwa hiyo ukiona wako hauzai usiulaumu, huenda ni dume. Tunda ni la mviringo, rangi ya manjano kuelekea chungwa, chachu kwelikweli, na wengi hulitumia kutengenezea jemu.

Na hapa kwenye tunda ndipo nataka wenye watoto wadogo wanisikilize. Tunda la kayaba linalika. Tunda la duranta ni sumu. Vile vishada vya tembe za manjano vinavyoning'inia vizuri ni sumu kwa watoto, kwa mbwa na kwa paka. Ndege wanazila bila kudhurika, wanasambaza mbegu, ndiyo maana Australia na Afrika Kusini duranta inahesabiwa miongoni mwa magugu vamizi. Nilipoanza kuandaa video hii nilikuwa nimeshaamua kusema duranta iondoke kabisa penye watoto. Nimelegeza kidogo, kwa sababu maua yanatoka kwenye ncha za machipukizi mapya, na uzio unaokatwa mara kwa mara haupati nafasi ya kuchanua, na bila ua hakuna tembe. Lakini hapo unapoteza yale maua ya zambarau, na vipepeo wanaoyafuata unawakosa. Na lazima uwe mtu wa mkasi kweli. Ukisafiri, ukirudi unakuta tembe. Ukiona kishada, kikate, kiokote, usikiache chini.

Nimeulizwa pia kuhusu boksiwudi, ule uzio mfupi wa bustani za Ulaya. Ni mzuri, unakatika kwa unadhifu kuliko hii yote miwili, ila unakua polepole mno. Na tangu 2007, alipoonekana Ujerumani nondo kutoka Asia ambaye viwavi wake hula majani yake hadi kubaki vijiti, wenye bustani za huko wana kazi kubwa. Siwezi kuusifu kwa mtu anayetaka kufunga kiwanja mapema.

Bei? Duranta inashinda, maana uzio mmoja wa jirani unaweza kukupa vipandikizi vyote unavyohitaji, muombe siku anayokata. Kayaba wengi huianzisha kwa mbegu, inadai subira, na miche iliyokwisha kukua huuzwa ghali kidogo. Ila hesabu na mkasi pia. Duranta itakudai kazi msimu wote wa mvua.

Kabla sijasahau, kuanzia mwezi ujao video zitakuwa zinatoka Jumamosi badala ya Jumatano, mliomba wenyewe, na kipaza sauti hiki ni kipya, nielezeni kama upepo bado unasikika.

Uamuzi wangu ni huu. Mpaka wa nje, pale unapotaka mtu au mnyama asipite, panda kayaba. Iweke mbali na njia ya kupita watoto na mbali na mahali pa kuegeshea baiskeli, kwa sababu matawi yaliyokatwa yakisahaulika chini yanatoboa tairi na hata kandambili. Ndani, kando ya njia ya kuelekea mlangoni, kwenye jua kamili, duranta iliyokatwa fupi, kimo cha goti au kiuno, chini pana, juu pembamba. Ikiwa fupi hivyo haitakuvulia majani huku miguuni. Kama una mtoto anayetambaa, basi hata hapo weka kitu kingine kwanza.

Juma lijalo tunapima mikasi, ule wa mpini mrefu na ule wa betri, na nitaijaribu yote miwili kwenye kayaba hiihii. Niandikieni hapo chini uzio wenu una urefu gani na umepandwa nini, nitachagua mmoja niutumie kama mfano.