Karatasi ya rangi ya maji ya Arches, gramu 300 kwa mita ya mraba, kwa milima yenye ukungu

Kwa anayetaka milima ya mbali ionekane mbali kweli, karatasi ni muhimu kuliko rangi. Arches inatengenezwa Ufaransa kwa pamba tupu, na jelatini yake, yaani gundi inayozuia rangi kuzama, imepenya hadi ndani, haikupakwa juu tu. Ikilowa hutoa harufu kidogo ya ngozi, usidhani imeharibika.

Chukua safu za Usambara wakati wa asubuhi. Lowesha karatasi yote, paka oka ya njano hafifu, iache ikauke. Safu ya mbali kabisa ni buluu ya ultramarini, chembe ya kahawia nyekundu iitwayo sienna iliyochomwa, na maji mengi. Chora ukingo wa juu, kisha rangi ikiwa bado mbichi pitisha brashi yenye maji safi chini yake hadi ipotelee bondeni. Huo ndio ukungu. Subiri. Gusa kwa nyuma ya kiganja: ukihisi ubaridi, haijakauka, na ukiongeza maji hapo yatasukuma rangi na kuacha madoa yenye kingo za mikunjomikunjo. Kila safu inayokuja mbele inapunguziwa maji na kuongezwa sienna. Kijani na kingo kali viachie mlima wa karibu. Paka kila tabaka likolee kidogo kuliko unavyodhani, maana rangi ya maji hufifia ikikauka.

Hapo ndipo bei ya Arches inapojieleza. Kwenye karatasi rahisi ya massa ya mti, ukingo hukauka kabla hujaulainisha, na tabaka la tatu huzoa lile la chini likawa tope. Arches hubaki na unyevu muda mrefu zaidi, na tabaka zilizokauka hazibanduki, mradi brashi iwe laini na ipite mara moja.

Ubaya wake ni huohuo: rangi ikishashika, kuifuta ni shughuli. Theluji na mawingu yaache meupe tangu mwanzo. Tena weupe wake wa kawaida umeelekea krimu kidogo. Kifutio kigumu pia kinachubua jelatini, na rangi inazama hapo kama kwenye karatasi ya kukaushia wino.

Kununua shiti kubwa ya sentimita 56 kwa 76 na kuikata vipande vinne ni nafuu kuliko bloku, yaani karatasi zilizogundishwa kingo, ila ibandike ubaoni kwa utepe pande zote nne, la sivyo itajikunja. Wa Mombasa, Tanga na Dar waifungie kwenye plastiki pamoja na vifuko vya kufyonza unyevu: ukungu wa kuvu huweza kula jelatini, na utaona vidoadoa vyeusi siku ya kupaka anga.