TAHADHARI: Dawa ya chupa ya "kukausha uvimbe" wa mguu wa punda, inauzwa minadani

Ndugu wenye punda, hasa mliopo Chamwino, Bahi na Mpwapwa, naomba mnisome mpaka mwisho. Kuna kijana anazunguka minadani na chupa za maji ya kunywa za nusu lita, ndani mna mafuta ya kahawia yanayonuka dizeli. Anasema yanakausha uvimbe wa mguu kwa siku moja. Chupa haina lebo yoyote: jina la dawa hakuna, kiwanda hakuna, tarehe ya kuisha muda hakuna. Niliinunua kwa shilingi 15,000, na nusura nimpoteze punda.

Huyu punda jike ndiye anayenibebea maji, kila safari madumu manne ya lita 20. Alikwaruzwa na seng'enge juu kidogo ya kwato, mguu wa nyuma. Mkwaruzo haukufika urefu wa kidole, nikaupuuza. Siku ya tatu mguu ulikuwa umevimba mpaka juu ya goti, una moto, ukimgusa tu anarusha teke.

"Mama, hiyo ni damu chafu imeshuka," kijana akaniambia. Nipake asubuhi na jioni, kisha nifunge kwa tyubu ya baiskeli, nikaze sana ili uvimbe usipande. Nikafanya vyote. Siku mbili baadaye manyoya yananyonyoka, ngozi imetoka malengelenge, punda hali.

Afisa mifugo wa kata alipofika, kabla hata ya kuuliza kitu aliikata ile tyubu. Imebana damu isipite, akasema, siku moja zaidi na ngozi ingeanza kufa. Kisha akanieleza: vijidudu viliingia kwa ule mkwaruzo vikaenea chini ya ngozi, ndiyo maana kidonda kidogo kimevimbisha mguu mzima. Mafuta ya kupaka juu hayavifikii huko. Joto lilikuwa nyuzi 39 na nusu, wakati punda mzima huwa karibu na 37. Akamchoma sindano za antibayotiki siku tano mfululizo, ya kupunguza uvimbe na maumivu, na ya kinga ya pepopunda. Hili la pepopunda nilikuwa silijui: farasi na punda hushikwa na ugonjwa huo kwa urahisi kuliko mifugo mingi, na tundu la msumari au mwiba linatosha, kwa sababu hujifunga juu uchafu ukabaki ndani.

Kinachoniuma ni kwamba huduma ya kwanza haikuhitaji hata hiyo elfu kumi na tano. Ni maji ya baridi kwenye uvimbe, dakika 15 hadi 20, mara tatu kwa siku, siku mbili za mwanzo. Najua maji kwetu ni shida. Gunia safi lililoloweshwa linafaa, ulibadilishe likipata joto. Kidonda osha kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, kijiko kimoja cha chai cha chumvi kwa nusu lita. Mzigo asibebe, ila kama anaukanyagia mguu mtembeze taratibu, maana mwendo unasaidia uvimbe kushuka. Akishindwa kukanyaga, akipata homa, uvimbe ukizidi kupanda, au kidonda kikiwa karibu na kiungo, mwite afisa mifugo siku hiyohiyo. Na dawa nunua duka la dawa za mifugo, udai risiti.

Nilipompigia kijana, namba haipatikani. Mnada uliofuata hakuonekana, kwa hiyo najua yuko mnada mwingine.

Kama umeshampaka punda wako, usingoje manyoya yaanze kutoka. Fungua tyubu sasa hivi, osha mguu kwa sabuni ya kipande na maji mengi bila kusugua, usipake kitu kingine juu yake. Chupa itunze umwonyeshe afisa mifugo, ajue anatibu nini.