Bati la kumulika au paneli ya pili?

Mchana wa Lodwar, kaskazini mwa Kenya, paneli ya sola iliyolazwa juu ya mabati ya paa haishikiki kwa joto. Ikifika nyuzi joto 65, na paneli za silikoni hupoteza takriban asilimia 0.4 ya nguvu kwa kila nyuzi moja inayozidi 25, basi ile ya wati 100 imeshapoteza kama wati 16 hivi.

Sasa, ili kupata umeme zaidi, mtu anasimamisha bati linalong'aa pembeni ili liimulike paneli. Ni rahisi, na ampea (kipimo cha mkondo wa umeme) kweli hupanda. Lakini mwanga huo huja na joto lake. Tena ukiangukia nusu ya paneli tu, faida karibu yote hupotea, maana seli zimeungwa mfululizo na ile yenye mwanga hafifu ndiyo inayobana mkondo. Jua likisogea, bati nalo lataka kusogezwa. (Nani atapanda paani saa saba mchana?)

Paneli ya pili inauma mfukoni siku ya kuinunua. Ila ukiiunga sambamba na ya kwanza (chanya kwa chanya, hasi kwa hasi), na chaji kontrola, kile kifaa kinachodhibiti uchaji wa betri, ikiweza kuhimili mkondo wa zote mbili, umemaliza. Mimi ningechukua hiyo, kisha niziinue zote mbili sentimita 15 hivi juu ya mabati ya paa, upepo upite chini.